Mkate wa Siku Katika Nchi ya Majani Chai

Majani chai hayana msimu mmoja wa mavuno. Mahindi hupandwa, hupaliliwa, huvunwa, kisha mkulima hupumua. Lakini katika vilima vya Kericho na Bomet nchini Kenya, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi na ardhi imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mchai huchipua mwaka mzima. Zamu ya kuchuna ikipitishwa kwa siku nyingi, majani mawili na chipukizi hukomaa yakawa magumu, na kiwanda huyakataa. Yakishachunwa nayo hayangoji. Yatapimwa na kufikishwa kiwandani siku ile ile. Naanza na mmea kwa makusudi, kwa sababu naamini kwamba historia ya Ukristo wa Kabianga, huko huko Kericho, na majirani zake haieleweki vizuri ikianzia kwenye majengo ya misheni. Hoja yangu ni kwamba katika nchi hii dini mpya ilishika kwa siku kuliko ilivyoshika kwa msimu. Ibada fupi ya asubuhi nyumbani, yaani fungu la Maandiko, maneno machache juu ya kazi inayowangoja watu, sala, kisha kila mtu kwenda zake, ndilo umbo lililoubeba Ukristo huo zaidi ya sikukuu na mikutano mikubwa. Saa ya ibada hiyo ilikuwapo kabla ya mmisionari wa kwanza. Kitabu kilikuja baadaye, na chai ilipoingia iliifanya siku iwe kipimo cha karibu kila jambo.

Tuitazame saa hiyo kwanza. Wakipsigis wa kale, wenyeji wa vilima hivi, walimwomba Asis, ambaye jua lilikuwa ishara yake, na walimwomba wakielekea mashariki. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu juu ya ndugu zao Wanandi mwaka 1909, alieleza jinsi wazee walivyosali asubuhi wakiwaombea uzima watu wa nyumbani na mifugo yao. Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wakipsigis, na J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1939, waliandika kwa kirefu juu ya imani na desturi hizo. Nje ya nyumba ilisimama mabwaita, madhabahu ya familia iliyofungwa kwa matawi ya miti iliyochaguliwa, na mambo mazito ya boma, ndoa na tohara kati yake, yalipitia hapo. Mbali na boma kulikuwa na kapkoros, mahali pa sadaka ambapo watu wa eneo zima walikusanyika kuombea mvua, mazao na amani. Dini ya zamani ilikuwa basi na ngazi mbili, ya nyumbani iliyofuata siku, na ya uwanjani iliyofuata majira na misiba. Msomaji aishike tofauti hiyo, kwa maana yaliyofuata hayakuzigonga ngazi hizi mbili kwa nguvu sawa.

Kwanza waliingia wakoloni, na reli yao ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kiliwavamia Wakipsigis wa nchi ya Sotik kwa kisa cha mifugo iliyochukuliwa kwa Wamaasai, na watu waliouawa wanakadiriwa kufikia 1,850. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Willis Hotchkiss, Mmarekani aliyekuja na kundi la kwanza la Africa Inland Mission mwaka 1895 na kisha kuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Marafiki (Quakers) huko Kaimosi mwaka 1902, alifungua misheni yake ya ufundi upande wa Lumbwa, katika nchi ya Wakipsigis. Mtu hawezi kuiandika historia hii kwa moyo mweupe akayatenga mambo haya mawili. Injili iliingia kwa watu waliokuwa wangali wanazika. Kwa miongo miwili waliobatizwa walikuwa wachache, na sishangai. Kilichobadilisha hali ni kwamba kazi ilipita mikononi mwa wenyeji. Tenwek, ambayo leo inajulikana kwa hospitali yake, ilikuwa na mwinjilisti Mkipsigis, Johana Ng'etich, kabla ya wamisionari wa kigeni kuhamia pale katika miaka ya 1930 na World Gospel Mission kuichukua. Litein ilikuwa chini ya Africa Inland Mission tangu miaka ya 1920, na mapadre wa Mill Hill walifungua vituo vya Kikatoliki. Vituo vyote hivi, hata vikijumlishwa, vilikuwa vichache katika nchi pana yenye makorongo, mito na njia za utelezi. Mtu aliyeishi mwendo wa saa nne kutoka kanisani aliifikia ibada ya Jumapili kwa shida. Siku sita zilizobaki zilikuwa za nyumbani, na huko hakukuwa na mchungaji.

Wakati huo huo ngazi ya uwanjani ilikuwa inabomolewa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ilitenga ekari zipatazo 25,000 za ardhi ya Kericho kwa mradi wa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, waliotarajia kulima kitani. Mradi huo ulianguka mapema, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe; katikati ya miaka ya 1920 ikawa mashamba ya chai ya Brooke Bond na ya kampuni ya James Finlay. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho walioheshimiwa na kuogopwa katika nchi nzima. Watu wapatao 700 walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na ukoo haukurudishwa hadi mwaka 1962. Dini inayohitaji uwanja na wazee wake haiwezi kuendelea kama zamani baada ya pigo la namna hiyo. Sala ya asubuhi mbele ya mlango haikuweza kuhamishwa kwa amri ya gavana. Hapa naona sababu ya kwanza ya umbo ambalo Ukristo ulichukua. Uliikuta ngazi moja imevunjwa na nyingine imesimama, ukapanda kwa ile iliyosimama.

Sababu ya pili ni kitabu, na hasa swali la nani alikuwa na uwezo wa kukisoma. Wamisionari wa Africa Inland Mission, Stuart Bryson akiwa mbele yao pamoja na wasaidizi wake Wanandi, walitoa Agano Jipya la Kinandi katika miaka ya 1930, na Biblia nzima ikapatikana kabla muongo huo haujafungwa. Wakipsigis waliisoma kama yao, kwa kuwa lugha hizi hukaribiana sana, na toleo lililorekebishwa kwa ajili ya Wakalenjin wote lilifuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Huku Kabianga serikali ilikuwa imefungua shule mwaka 1925. Ilikuwa shule ya serikali, wala haikuwa ya misheni, na lengo lake lilikuwa kufundisha kilimo, ufundi na kusoma. Nalipa jambo hili uzito kuliko wanavyolipa wengi. Shule za misheni zilizaa wasomaji ambao kanisa liliwalea na kuwaangalia. Shule ya serikali ilizaa wasomaji waliorudi nyumbani na ujuzi wao bila mlezi wa namna hiyo. Katika boma la wakati huo mwenye kusoma mara nyingi alikuwa kijana. Baba na babu, waliokuwa na haki ya kusema mbele ya mabwaita, hawakujua herufi. Basi kijana alisoma na mzee akasikiliza, kisha mzee, kwa kuwa ndiye aliyeijua ardhi, mifugo, madeni na ugomvi wa majirani, akawa ndiye mwenye cha kusema juu ya yaliyosomwa. Sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati inawaagiza wazazi wawaambie watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Hapa agizo hilo lilianza kutimizwa kinyumenyume, mtoto akimsomea mzazi, na naamini kwamba kuligawana neno kwa njia hiyo kuliipa tafakari ya nyumbani uhai wake. Maandiko yalikuwa ya kijana na maisha yalikuwa ya mzee. Hakuna aliyeweza kuendesha ibada peke yake.

Kisha ikaja chai yenyewe, na pamoja nayo siku ya kuhesabiwa. Mfanyakazi wa zama za ukoloni alibeba kipande, yaani cheti cha utambulisho, na kazi yake iliandikwa katika tikiti ya siku 30. Siku ambayo zamu yake haikukamilika haikuandikwa, na siku isiyoandikwa haikulipwa. Watoto nao walichuna. Katika laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, waliishi Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya, mlango kwa mlango, na hakuna lugha ya nyumbani hata mmoja wao aliyoweza kuitumia kuwaombea wote. Kiswahili kilichotumiwa na nyapara kuita majina ndicho kilichotumika pia kusoma Zaburi. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ilipochapishwa mwaka 1952 iliwapa watu wa laini maandishi ambayo Mluhya na Mkipsigis waliweza kuyashika pamoja. Sikukuu ya mavuno, ambayo wamisionari waliileta kutoka nchi za ngano, ina maana yake, lakini hapa mtu hawezi kusema ni juma gani mavuno yamekwisha. Sura ya 16 ya Kutoka, ile ya mana iliyookotwa kila asubuhi na kuoza ikiwekwa hadi kesho, haikuhitaji mhubiri wa kuieleza kwa mtu aliyeona majani yaliyochelewa kufika kiwandani yakigeuka rangi na kutupwa. Haikuhitajika pia hotuba ndefu juu ya mfano wa Mathayo 20, wa mwenye shamba aliyewaajiri watu saa mbalimbali za siku moja na kuwalipa dinari moja moja. Mtu wa tikiti aliijua dinari ile na aliyajua manung'uniko yale.

Umbo hili halikuzaliwa Kericho peke yake. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa Wamoravian neno moja kwa siku, na ndugu walilipeleka nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yamekuwa yakichapwa kitabuni, na Wamoravian walioanzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891 waliifikisha desturi hiyo kusini mwa Tanzania, ambako maneno hayo husomwa kwa Kiswahili. Uingereza nayo ilikuwa na utaratibu wa Scripture Union wa kusoma Biblia kila siku tangu mwaka 1879. Nayataja haya ili pasiwe na shaka kwamba wamisionari walikuwa na vielelezo vyao. Lakini kielelezo hakitoshi kueleza kwa nini jambo hushika mahali fulani. Kwingine desturi hiyo ilibaki kuwa ya walimu na wachungaji. Katika nchi ya chai ilipenya hadi kwa mchunaji, na tofauti hiyo inataka sababu za mahali penyewe.

Wapo watakaopinga kwamba ninaunganisha vitu visivyoungana. Watasema, na kwa haki, kwamba Wakristo wa kwanza waliing'oa mabwaita, wakakataa sadaka za kapkoros, na wengine wakatengwa na jamaa zao kwa ajili hiyo. Itakuwaje basi sala ya Asis iitwe mama wa ibada ya asubuhi ya Kikristo? Sidai kwamba imani hizi mbili ni moja. Kanisa lilidai uamuzi, na walioufanya walilipa gharama ambayo si vyema kuipunguza leo kwa maneno matamu. Ninachodai ni kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, kigumu zaidi kukikana: mtu anaweza kubadilisha anayemwomba bila kubadilisha saa ya kuomba, wala wazo kwamba boma lisilokabidhiwa kwa Mungu asubuhi limeanza siku vibaya. Wamisionari waliwafundisha watu wamwombe nani na kwa jina la nani. Hawakuhitaji kuwafundisha kwamba siku huanza kwa sala. Mahali ambapo fundisho hilo la pili lilipaswa kuanzia sifuri, kama miji mingi ya Ulaya ya leo, makanisa yamejaribu kwa vitabu vizuri kuliko vyetu na hayajafanikiwa hivyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na silipiti haraka. Linasema kwamba ibada ya asubuhi ilikuwa chombo cha mwenye shamba. Mfanyakazi aliyeamka mapema, asiyelewa, aliyeambiwa avumilie, alikuwa faida kwa kampuni. Na fungu la siku, likichaguliwa vyema, humfanya mtu asahau kwamba anachuna majani juu ya ardhi ya babu yake. Kuna ukweli hapa. Tafakari nyingi zilizosikika na zinazosikika katika nchi hii huhimiza subira na shukrani na kukaa kimya juu ya haki. Yakobo sura ya tano, inayosema juu ya ujira uliozuiliwa na kilio cha wavunaji kilichofika kwa Mungu, ingepaswa kuwa maarufu kuliko zote katika mashamba ya chai. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijachwa. Kisa cha Nabothi katika Wafalme wa Kwanza 21, cha mtu aliyeuawa kwa sababu alikataa kumwachia mfalme urithi wa baba zake, kimeandikwa kana kwamba mwandishi aliijua Kericho. Mtu aliyesoma Biblia kwa mpangilio, sura baada ya sura, alilazimika kuyapitia haya yote, apende asipende. Na hapo ndipo pingamizi hili linapopungukiwa: kampuni iliweza kufurahia ibada, lakini haikuwa na uwezo wa kuchagua lipi lisomwe katika nyumba ya mfanyakazi. Madai ya ardhi hayakuzimwa na miaka yote ya sala. Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali mwaka 2019 kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza juu ya jambo hilo mwaka 2021. Na mwaka uliofuata kesi ilipelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Waliodai haki kwa muda huo wote wametoka katika nchi yenye makanisa mengi. Uvumilivu waliofundishwa haukuwa lazima uwe ule aliotaka mwenye shamba.

Kuanzia miaka ya 1960 mambo yalibadilika kwa namna nyingine. Kenya ilianzisha mamlaka ya kuendeleza mazao ya wakulima wadogo mwaka 1960, na KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima hao, ikafuata mwaka 1964. Mkipsigis aliyekuwa kibarua akawa na michai yake mwenyewe, kituo cha kupimia majani karibu na nyumbani, na bonasi ya mwisho wa mwaka. Sasa maswali ya asubuhi yakawa mapya. Je, anayeajiri wachunaji watatu anawalipaje? Majani yenye maji yakiongeza uzito kwenye mzani, ni wizi au ni mvua? Bonasi ikigawanywa, mke aliyechuna mwaka mzima anapata nini, ikiwa namba ya mkulima ina jina la mumewe? Tafakari zinazokaa mbali na maswali haya na kuzungumzia safari ya imani kwa jumla zimeiacha kazi yake. Katika nchi hii Maandiko yaligusa maisha kwa sababu maisha yalikuwa mezani wakati yakisomwa.

Wengine watauliza kama haya yote bado yapo, wakati Kabianga sasa ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013, na neno la siku linafika kwenye simu kabla mtu hajanawa uso. Wanahofu kwamba aya moja iliyokatwa kutoka sura yake huweza kusemeshwa chochote, na hofu yao ni ya haki. Dawa yake imo katika historia niliyoieleza. Utaratibu wa kusoma mfululizo unamzuia mtu kujichagulia aya za kumpendeza. Ndivyo unavyofanya mpangilio wa masomo ya kila siku wa Kanisa Katoliki, na ndivyo ilivyo kawaida ya vikundi vya wanafunzi Wakristo vinavyomaliza kitabu kizima cha Biblia kabla ya kuanza kingine. Lakini kinachopotea zaidi kwenye simu, naona, ni yule mzee. Ujumbe husomwa na mtu mmoja, kimya, na hakuna wa kumwambia kwamba jirani aliyegombana naye jana juu ya mpaka ndiye anayehusika na fungu hilo. Waberoya wa Matendo 17 walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku, na waliyachunguza pamoja, wakiwa na habari mpya mezani ambayo walitaka kujua kama ni kweli.

Habari mpya ya Kericho sasa ni mashine. Makampuni makubwa yamekuwa yakileta mashine za kuchuna majani chai kwa miaka mingi, na Mei 2023 waandamanaji walichoma moto kadhaa katika shamba la kampuni ya Ekaterra, kwa sababu mashine moja huchukua kazi ya mikono mingi. Baada ya hapo mashamba yenyewe yamebadilisha wenye mali, mengine yakiuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kwa karibu miaka mia moja Mathayo 20 ilisomwa katika laini kwa sikio la walioajiriwa alfajiri, waliobeba mzigo na joto la mchana, na majadiliano yalikuwa kama walipunjwa au hawakupunjwa. Katika mfano huo kuna watu wengine, walioulizwa jioni kwa nini wamesimama bure kutwa nzima, wakajibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Jibu lao halikukemewa. Nyumba za Kabianga zenye kijana wa namna hiyo ni nyingi, na sura hiyo itasomwa humo sasa kutoka upande wao.